Anayekwenda Juu Ajenge Ukingo



Msimu uliopita wa kahawa, siku ya Jumatano, nilikwenda kuadhimisha Misa kwenye kigango kimoja kisicho mbali na Nyakahanga. Tulikuwa katikati ya sala ya waamini helikopta ilipotokea nyuma ya kilima na kupita juu ya paa letu. Sauti yake haikuja ikikua kidogo kidogo kama ya lori linalopanda mlima. Ilifika yote kwa mara moja. Mabati yalitetemeka, watoto wakapiga kelele, na mama aliyekuwa anasoma nia za sala akaacha karatasi ikaanguka. Nikasubiri, kisha nikaendelea, lakini sitadanganya: hata mimi mikono ilikuwa inatetemeka.

Tulipotoka nje tulikuta kahawa iliyokuwa imeanikwa kwenye turubai imepeperushwa na kuchanganyika na mavumbi. Mbuzi mmoja alikuwa amekata kamba. Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa kwamba bibi mmoja wa miaka themanini na ushee, ambaye kijiji kizima humwita Kaaka, hakuonekana nyumbani kwake. Tulimpata saa nzima baadaye ndani ya kibanja, amejilaza kati ya migomba, amejifunika majani makavu. Aliponitambua akaniambia, "Padri, mwaka ule nao zilianza hivi hivi."

Mwaka ule ni 1978. Wewe msomaji kijana huenda umeusoma darasani tu. Sisi wa Kagera wenye umri wangu tuliuishi tukiwa watoto. Nakumbuka baba akipanda juu ya nyumba kufunika bati kwa majani ya migomba ili lisimetemete, na mama akituonya tusitoke nje na shati jeupe. Oktoba ya mwaka ule ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba. Mwishoni mwa mwezi jeshi lake likavuka mpaka, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilikwenda kupiga Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala wasiojua hata vita ni nini. Kaaka alimtoa mwanawe wa kwanza aende na mgambo kuikomboa ardhi hii. Kijana hakurudi. Kwa hiyo mtu asije akamwona bibi huyu kuwa mshamba anayeogopa mashine, au adui wa jeshi. Jeshi limekula sehemu ya tumbo lake.

Siku ile nilimuuliza mwenyekiti wa kitongoji helikopta ile ilikuwa ya nani. Hakujua. Mtendaji naye hakuwa na barua yoyote. Niliuliza kwenye ofisi moja, nikaambiwa nisubiri, na ninasubiri hadi leo. Lakini uvumi haukusubiri. Ilipofika jioni, mmoja alisema vita vya Kongo vimevuka. Mwingine alisema wanatafutwa wahamiaji. Mwingine akasema ni wanasiasa wanaopima upepo. Wengi walisema ni askari wako kwenye mazoezi. Usiku ule familia mbili zilifunga mizigo.

Sijui kama kweli yalikuwa mazoezi, na sitaki kumsingizia mtu. Lakini tukio lile lilinifanya nijiulize swali ambalo leo naliweka mbele yako: askari wanapofanya mazoezi ya kuruka chini chini juu ya vichwa vya watu, nani anawaangalia, na walio chini wanaambiwa na nani?

Kwanza tukubali kwamba mazoezi hayo yana sababu. Rada huona mbele kwa mstari ulionyooka, haiwezi kuona nyuma ya mlima. Rubani anayejua kupita mabondeni anajificha kwa adui, na anayejua kutua penye uwazi mdogo anaweza kuokoa majeruhi au watu waliozingirwa na mafuriko. Ujuzi huo haupatikani darasani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo (namba 79), unafundisha kwamba askari wanaotimiza wajibu wao ipasavyo ni watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na kwamba wanasaidia kweli kudumisha amani. Sisi tuliorudishiwa ardhi yetu na JWTZ hatuhitaji mtaguso kutuambia hilo.

Pia kelele yenyewe si hoja yangu. Nilipokuwa mseminari pale Segerea, ndege za uwanja wa Dar es Salaam zilipita juu yetu mchana na usiku. Mwalimu alikuwa ananyamaza, ndege inapita, anaendelea na sentensi yake. Hakuna aliyejificha chini ya dawati. Tulijua ni ndege gani, inatoka wapi, inakwenda kutua wapi. Sauti ileile inayomlaza mtu mmoja usingizi inamtoa mwingine mbio hadi migombani, na tofauti yao ni kuambiwa tu.

Sasa fungua Biblia yako, Kumbukumbu la Torati sura ya 22, aya ya 8. Ni amri ndogo, na katika miaka yangu yote ya upadre sikumbuki kusikia ikihubiriwa. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, ajenge pia ukingo kuzunguka dari lake, asije mtu akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za kule zilikuwa na paa la bapa. Watu walipanda kupunga upepo, kuanika nafaka, kulala wakati wa joto. Torati haikukataza mtu kupanda juu. Ilisema tu kwamba aliyeijenga njia ya kwenda juu lazima ajenge na ukingo, na kwamba ajenge kabla mtu hajaanguka.

Naomba uitazame amri hiyo vizuri. Haiulizi kama mwenye nyumba ni mtu mwema. Haiulizi kama alikusudia mabaya. Damu ikimwagika na ukingo haukuwepo, lawama ni yake. Hiyo ndiyo haki ya Mungu juu ya kila aliye na kimo: kadiri unavyoweza kwenda juu, ndivyo unavyodaiwa ukingo.

Ndege ya kivita inayopita kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa inamaliza urefu wa viwanja viwili vya mpira kwa sekunde moja. Ikiwa mita 75 tu kutoka ardhini, aliye chini hana muda hata wa kuinua uso. Hawezi kujikinga mwenyewe, na ndiyo maana kukingwa kwake lazima kuanze kwa aliye juu.

Ukingo usipokuwepo, au ukiwepo bila kuheshimiwa, mambo huwa kama yale ya Cavalese, kaskazini mwa Italia. Tarehe 3 Februari 1998 ndege ya kijeshi ya Marekani iliyoruka kutoka kituo cha Aviano kwa mazoezi ya kuruka chini ilikata waya wa kigari cha angani kinachopandisha watu mlimani. Watu 20 waliokuwa ndani walianguka na kufa wote. Kiwango cha chini kilichowekwa na Waitalia katika eneo lile kilikuwa futi 2,000, yaani kama mita 600. Waya ule ulikatwa kwenye kimo cha mita kama 110. Marubani walisema wao walijua kiwango ni futi 1,000. Hata tukikubali maneno yao, bado walikuwa chini sana ya hapo.

Kilichofuata kinatufundisha zaidi. Mahakama za Italia hazikuweza kuwahukumu, kwa sababu mkataba wa nchi za NATO uliwapa Wamarekani haki ya kuwashtaki askari wao wenyewe. Mahakama ya kijeshi nchini Marekani ilimwachia rubani katika shtaka la kuua. Baadaye alifukuzwa jeshini kwa kosa jingine: mkanda wa video uliopigwa ndani ya ndege siku ile ulikuwa umeharibiwa. Fikiri jambo hilo. Sheria ya kimo ilikuwepo, lakini waliokuwa wanairuka ndio hao hao waliobaki na kumbukumbu ya safari mikononi mwao. Ukingo uliandikwa kwenye karatasi, haukujengwa darini.

Kuna waliojaribu kuujenga. Nchini Uingereza ndege za kivita za kasi kwa kawaida haziruhusiwi kushuka chini ya futi 250, na yako maeneo matatu maalumu ambako zinaweza kushuka hadi futi 100. Ratiba ya maeneo hayo hutangazwa mapema, mwananchi akaisoma. Kuna anwani na simu ya kupeleka malalamiko, na malalamiko mazito huchunguzwa na polisi wa jeshi la anga. Mkulima ambaye mnyama wake amedhurika anaweza kudai fidia. Si kwamba kila mtu ameridhika. Wako wanaolalamika miaka nenda miaka rudi. Lakini mlalamikaji anajua mlango wa kubisha.

Halafu jeshi la nchi hiyo hiyo lilikuwa na viwanja vya mazoezi kwa majirani zetu wa Kenya, kule Samburu na Laikipia. Hapo hazikuwa ndege tu, yalikuwa mabomu na risasi za mazoezi zilizobaki ardhini bila kulipuka, na wachungaji na watoto wao wakazikanyaga au kuziokota. Mwaka 2002, baada ya miaka mingi na baada ya wanasheria kuingia kati, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200. Jeshi lilikuwa moja. Nyumbani kwao ng'ombe wa mkulima alikuwa na simu ya kupigiwa, na Samburu mtoto wa mchungaji hakuwa nayo. Basi ukingo si suala la utajiri wala ufundi. Ni suala la nani anahesabika kuwa mtu.

Tusiwanyooshee wengine kidole tu. Hapa kwetu, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalilipuka katika maghala ya jeshi, na kila mara watu zaidi ya 20 walikufa. Hakuna askari aliyekusudia. Lakini nimeshakwambia, Torati haiulizi ulikusudia nini.

Na sheria za dunia zinasemaje? Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga, unahusu ndege za kiraia. Ibara yake ya 3 inazitoa ndege za dola, yaani za jeshi, forodha na polisi. Kila nchi inajiwekea kanuni za ndege zake za dola, ila imeahidi kuzingatia usalama wa ndege za kiraia. Upo pia utaratibu wa matangazo kwa marubani, ili anayeruka ajue kwamba mahali fulani, saa fulani, kuna mazoezi. Huo ni ukingo mzuri, lakini unamkinga rubani kwa rubani mwenzake. Tangazo lile linafika Bukoba, linafika Mwanza, linafika hata Entebbe. Halifiki kwa Kaaka.

Hata hivyo Katiba yetu ya mwaka 1977 imemkumbuka. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli zake. Chombo kinachopita mita chache juu ya kahawa yako, juu ya shule ya mtoto wako, juu ya wodi ya wazazi ya Hospitali ya Nyakahanga ya ndugu zetu Walutheri, ni tukio muhimu kwa maisha yako. Haihitaji shahada ya sheria kuliona hilo.

Najua jibu litakalotolewa: usalama wa taifa. Karagwe na Kyerwa tumepakana na Rwanda na Uganda, na Kongo haiko mbali. Jibu hilo nalipa heshima yake. Operesheni ya kweli haitangazwi, na helikopta inayokwenda kuokoa maisha haipaswi kungoja barua ya mtendaji. Lakini mazoezi ni jambo linalopangwa. Siku yake imechaguliwa, njia yake imechorwa. Kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa saba, kutakuwa na ndege zinazoruka chini katika kata fulani na fulani, hakumpi adui siri yoyote. Adui ana macho na masikio. Ndege ikipita ataiona. Ukimya haumfichi rubani kwa adui, unamficha kwa raia wake tu. Na historia ya vita vyetu inatuonya. Mwaka 1978, kule Musoma, ndege zetu wenyewe zilitunguliwa na walinzi wetu wa anga kwa sababu walio chini hawakujua aliye juu ni nani. Ukimya uligeuza silaha zetu dhidi yetu wenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na ninaomba kama raia na kama mchungaji.

La kwanza ni taarifa. Barua ifike kwa mtendaji wa kijiji, redio zetu zitangaze, nasi viongozi wa dini tupewe tangazo tulisome kanisani na msikitini. Tunasoma matangazo ya chanjo na ya mbolea ya ruzuku; hatutashindwa hili.

La pili ni mipaka inayojulikana. Kimo kiwekwe, na hospitali, shule na minada zikwepwe. Siku ambazo watoto wa darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa, anga lao liachwe kimya. Mipaka hii inamlinda rubani pia. Agosti 2012 helikopta tatu za jeshi la Uganda zilizokuwa safarini kwenda Somalia zilianguka katika Mlima Kenya, na askari saba wakafa. Milima haijali cheo, na asubuhi za Karagwe zina ukungu.

La tatu ni macho mengine. Safari ikiisha, kumbukumbu ya kimo na njia isomwe na mtu asiye yule aliyeruka. Kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi na usalama iulize swali hili kila mwaka na ipewe jibu. Na mwananchi awe na mlango mmoja wa kubisha, ambapo mbuzi aliyevunjika mguu ataandikwa, na jibu litarudi hata kama jibu ni hapana.

Je, kumwangalia askari ni kumdharau? Msikilize yule akida wa Kapernaumu katika Injili ya Mathayo, sura ya 8. Alipotaka kumweleza Yesu jinsi anavyoelewa mamlaka, hakuanza na askari aliowaamuru. Alianza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka. Ndipo akataja walio chini yake. Na Yesu akastaajabia imani yake. Amri isiyokuwa na aliye juu yake si amri ya kijeshi tena, ni ubabe tu. Askari mwema hana hofu ya kuulizwa alipita kimo gani, kama mhasibu mwema asivyoogopa mkaguzi.

Nasi tulio chini tuna wajibu. Yohane Mbatizaji aliwakataza askari kusingizia watu (Luka 3:14), lakini amri hiyo inatuhusu na sisi. Mbuzi mmoja aliyekata kamba asigeuke watano kwenye fomu ya fidia. Na asiyejua ndege ni ya nani aseme hajui, asitangaze vita.

Nami nina la kuungama. Mwaka mmoja tulifunga vipaza sauti vipya kanisani, tukawa tunaanza Rozari saa kumi na moja alfajiri. Baada ya miezi kadhaa mama mmoja jirani, asiye wa dhehebu letu, alinijia kwa upole. Alikuwa na mtoto mgonjwa asiyelala usiku, na alfajiri ndiyo ilikuwa saa yake pekee ya kusinzia. Nilimwomba radhi, tukageuza spika. Lakini aliniuliza swali ambalo bado linanichoma: "Padri, kwa nini hamkuja kuniuliza?" Nilikuwa nimepanda juu bila kujenga ukingo, na nilifanya hivyo kwa jina la Mungu.

Ndugu msomaji, wewe nawe una dari lako. Labda ni cheo ofisini, labda ni gari unalolikimbiza kijijini penye watoto, labda ni neno lako mbele ya mkeo na wanao. Wiki hii tembea ukingoni mwake uone kama ukingo upo.

Nilimtembelea tena Kaaka majuzi nikimpelekea Komunyo. Nilimuuliza kama bado anaogopa. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi sikatai zipite, mwanangu. Huenda anayeziendesha ni mtoto wa mtu, kama wangu. Wangetuambia tu, ningetoka nje nimpungie mkono."

Bwana awalinde wanaoruka na wanaorukiwa. Nakutakia Dominika njema.